Kopo Nililolisoma Mbele ya Meza ya Papa Deo

Likasi, Shituru
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijakuuliza habari zako, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama mdogo Yuliana, wala Kizito mwenyewe. Wiki mbili kabla mdogo wangu hajaanguka, mimi nilikunywa dawa ileile iliyomwangusha. Niliona ubaya wake mwilini mwangu, nikanyamaza. Nimeliandika kwanza kwa sababu ninajijua. Ningeanza na salamu, na karatasi ingekwisha sijalisema.

Kizito ni mzima. Soma sentensi hiyo mara mbili, Mama, ndipo uendelee. Ninapoandika yuko uani anabishana na watoto wa jirani kuhusu mpira wa matambara, na sauti yake inanikera kama zamani. Sijawahi kufurahi hivi kukerwa.

Sasa nakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Mawese ya msimu huu yametoka vizuri, au mvua ilichelewa Kongolo pia? Bibi bado anakataa kuvaa viatu? Huku sisi tunaendelea. Walimu waligoma, shule ikafungwa, ikafunguliwa tena, na sasa tunasoma asubuhi tu. Baba mdogo anakwenda kiwandani kila siku ingawa mashine nyingi zimenyamaza. Anasema akibaki nyumbani atasahau njia. Mimi najitayarisha kwa mtihani wa serikali, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Njiani kutoka shuleni kuna meza ya Papa Deo. Zamani alikuwa akifagia ghala la dawa la hospitali moja, na ghala lilipofungwa alipewa makopo matupu ayachukue. Siku hizi anauza sabuni, mishumaa, chumvi na vidonge, vyote mezani pamoja, mchana kweupe. Polisi wananunua kwake, wake za wachungaji wananunua kwake. Hakuna aliyekataza. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Papa Deo hajui kusoma Kifaransa. Siku moja aliniona na kitabu, akaniita.

"Mwalimu mudogo, kuya. Somea huyu mama hii kopo."

Lilikuwa kopo kubwa la bati lenye karatasi ya hospitali. Nikasoma kwa Kifaransa, kisha nikaeleza kwa Kiswahili: vitamini, huongeza nguvu, kimoja asubuhi na kimoja jioni, wakubwa kwa wadogo. Yule mama akanunua. Kesho yake Papa Deo akaniita tena, na keshokutwa. Kila nikisoma alinipa kipande cha mshumaa cha kujifunzia. Wewe unajua mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, Mama. Lakini kusoma si kusema. Pale mezani watu walinisikiliza, na nilipenda.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vya ganda, nusu nyekundu, nusu njano. Vijana waliviita Simama, kwa sababu ukimeza hulali wala huchoki. Karatasi ya kopo ilisema vidonge vyeupe. Niliona tofauti hiyo siku ya kwanza. Niliiona, nikaipita, kama mtu anavyopita kosa ndani ya kitabu kwa kuamini kwamba aliyekichapisha anajua kuliko yeye.

Mtihani ulipokaribia nilinunua vichache, nikanywa kimoja. Mwanzoni nilijiona nina akili ya watu wanne. Nikasoma kurasa nyingi, kisha nikagundua nasoma ukurasa mmoja tena na tena. Moyo ulinikimbia. Taya zikakaza. Sikulala siku mbili, na siku ya tatu nililia darasani bila sababu, nikasema ni jino. Niliona aibu. Mimi, msomaji wa kopo. Vilivyobaki nikavifunga katika kitambaa, nikavificha chini ya madaftari. Na Papa Deo aliponiita, nikasoma tena.

Kizito, walimu walipogoma, alikwenda Kakontwe kuponda mawe pamoja na vijana wa mtaa ili apate daftari na kalamu. Jumamosi ya juma lililopita alimeza vidonge vitatu vya Simama kwa pamoja. Rafiki yake Muteba ndiye aliyetusimulia.

"Asubui yote alikuwa anaponda mawe sawa muntu anapiga mwivi," alisema Muteba. "Tukamucheka. Tukamuambia, weye, acha mawe ingine ya kesho. Hakuchoka, hakunywa mayi, alisema tu, alisema, alisema. Kisha akaanguka."

Walimleta kwenye baiskeli ya makaa, mmoja akiendesha, wawili wakimshika. Nilipofika zahanati alikuwa mkekani, mwili moto kama sufuria, macho wazi lakini hayanioni, mikono ikirukaruka. Mama mdogo alikuwa na akina mama wa kikundi cha maombi, wamemzunguka.

"Ni bachawi," mama mdogo alisema. "Bamemuonea wivu juu ya masomo."

"Masomo gani?" baba mdogo akamjibu. "Huyu mwaka jana alikuwa wa mwisho."

Muuguzi, mzee mmoja mpole ambaye wote wanamwita dokta, alimgusa shingo, akasema ni malaria ya kichwa. Akaanza kutayarisha serumu ya kwinini, ile ya kutundika. Akauliza:

"Mutoto alikula nini? Alikunywa nini? Museme, bamama."

Akina mama wakasema hakunywa kitu, huyu ni mtoto wa kanisa. Muteba alikuwa nje, anaogopa kuingia. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, mahali ninaposimama siku zote. Niliona mikono ya Kizito, nikaikumbuka mikono yangu. Niliona taya zake, nikazikumbuka taya zangu. Nilijua, Mama. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua, na sauti haikutoka. Muuguzi alikwisha kufunga mpira kwenye mkono wake, anatafuta mshipa.

Nikakumbuka pale stesheni ya Kongolo, uliponishika bega na kusema, "Huyu nimekuwekea mikononi." Nikapita katikati ya akina mama, nikamkanyaga mmoja, nikasema:

"Dokta, hii si malaria. Amekunywa Simama."

Muuguzi akasimamisha mkono. "Iko wapi hiyo kintu?"

Nilikimbia nyumbani, si mbali, nikarudi na kile kitambaa. Alifungua kidonge kimoja kiganjani, akatazama unga wake, akanusa, akatikisa kichwa. Akauliza kimetoka katika boksi gani, kina karatasi gani. Nikasema hakina. Hakuniuliza nilikipata wapi, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo, na leo naona aibu kwamba nilishukuru.

Aliiweka kwinini pembeni. Akamchoma sindano ya kumtuliza, akamtundikia maji, akatuamuru tumvue nguo na kumpangusa kwa vitambaa vya maji baridi bila kupumzika. Mama mdogo aliacha kuomba kwa sauti, akakamua vitambaa. Muuguzi alikaa ameshika kifundo cha mkono wa Kizito, macho kwenye saa yake. Baadaye aliniambia kwamba moyo ulikuwa unakimbia vibaya, na kwinini ingeweza kuuvuruga zaidi hata usimame. "Na miye sijui hii ni nini," alisema. "Hata anayeuza hajui. Leo banatia hiki, kesho kile, rangi ni moja. Ndio maana inaua."

Siku mbili mkojo wa Kizito ulikuwa mweusi kama chai, na muuguzi alikuwa anahofia figo. Siku ya tatu ulitoka safi. Mama mdogo alishuhudia kanisani kuhusu mkojo huo, kwa sauti kubwa, mbele ya waumini wote, na Kizito ameapa hataingia tena kwa mlango wa mbele. Alipozinduka maneno yake ya kwanza kwangu, dada yake, yalikuwa: "Yaya, hata mawe nilikuwa nayapenda." Nikacheka hadi nikalia. Kisha akasema, "Lakini weye ulisoma kopo. Ulisema ni vitamini." Hakusema kwa ubaya. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

Ndiyo hayo, Mama. Ninaona kwa nini sikusema mapema: niliogopa watu waache kuniita mwalimu mdogo. Unikasirikie, nastahili, lakini usije kumchukua Kizito. Anakula vizuri, analala, na muuguzi anamtazama kila baada ya siku chache.

Nisalimie bibi na miguu yake isiyotaka viatu. Nisalimie mjomba Leonard fundi baiskeli, na dada Maombi anayesaga mihogo nawe, na mdogo wetu wa mwisho, umwambie nitamletea kitabu cha picha. Katekista aliyenifundisha herufi umpe heshima zangu, ila usimsomee barua hii.

Ni mimi mwanao, niliye na moyo mwepesi kuliko nilipoketi kuandika,

Astrida

Jumatano. Barua bado iko mkononi mwangu, maana treni inangoja injini, na mtu mmoja wa reli atakayeibeba bado anakula kwetu. Kwa hiyo naongeza.

Jana nilikwenda kwa Papa Deo. Alisema, "Mwalimu mudogo, ulipotea wapi?" Palikuwa na wateja watatu. Nikasema mbele yao kwamba karatasi ya kopo ni ya dawa nyingine, kwamba mimi mwenyewe nilikunywa nikaumia kabla ya mdogo wangu, na kwamba nilisoma nikijua. Sauti ilitoka. Wateja wakaondoka. Papa Deo akachungulia ndani ya kopo. Akasema alivinunua kwa mtu wa mpakani, katika mfuko wa plastiki, bila karatasi. Kisha akasema, "Bibi yangu anakunywa kimoja kila asubui," akaanza kufunga meza, akakimbia kwake. Alirudi, akanipa mfuko wote pamoja na kopo. Mkewe huyo alimpeleka mwenyewe zahanati jioni ile ile. Mfuko nimempa muuguzi.

Leo asubuhi nilimwomba mwalimu ruhusa, nikasimama mbele ya darasa, nikasema yale yale. Wawili walitoa vyao mfukoni.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Kizito kwamba nilikunywa kabla yake. Akanitazama. "Basi siku ingine uniambie mbele, Yaya," akasema. Nikasema ndiyo. Nikaloweka kopo katika maji ya moto, nikabandua karatasi yake, nikalisugua kwa mchanga na kulianika. Kisha nikasonga bukari, tukala.