Gengeni Hakuna Mgoni

Jumamosi, Songea. Baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini mimi natoka jasho kwa hasira.

Nimekasirika. Naandika hivyo kwanza nisije nikajifanya mstaarabu huko mbele.

Gengeni ni soko la mtandaoni, la kwangu na Fadhili. Tulilifungua kwa ajili ya wachapishaji wadogo, wale wanaotoa wenyewe vitabu vya kusomwa kwenye simu, ambao kwenye masoko makubwa huzikwa chini ya majina yanayojulikana. Mimi natafuta waandishi huku Ruvuma. Fadhili yuko Dar, ndiye fundi wa tovuti. Nilikuwa najisifu kwamba kwetu kila mtu anakaa mbele ya genge.

Wa kwanza niliyemshawishi alikuwa Mwalimu Tarsila wa Namtumbo, mstaafu. Aliandika maisha ya bibi yake, mkulima wa tumbaku aliyelea yatima wa ukoo mzima, akakiita kitabu Bibi Yangu Mgoni. Alikiandika chote kwenye simu, kwa kidole kimoja. Nilimwambia watu watakiona.

Hawakukiona. Tangu tufungue hakuna aliyekinunua, na mimi nikajipa moyo kwamba mvumilivu hula mbivu.

Leo amekuja mjini. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba bila kunitazama, nikajua kuna jambo. Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliwaomba wanawake wenzake wa jumuiya wakitafute kitabu chake kwenye simu zao. Yakatokea maandishi mekundu: "Maudhui ya ngono. Yamefichwa." Wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema kumbe mwalimu huandika mambo hayo.

"Mwanangu, nimewafundisha watoto wa wale wanawake," ameniambia. "Kitoe."

Nimempigia Fadhili hapo hapo. Kumbe aliweka chujio la maneno machafu, na maneno yenyewe aliyachota kwenye kamusi bila kuuliza mtu. Kwenye kamusi, mgoni ni mzinzi. Sawa, najua. Watani wetu wametucheka kwa neno hilo tangu shule ya msingi. Lakini Mgoni ni mtu! Ni kabila langu, ni mama yangu, ni huyu mwalimu aliyekaa mbele yangu.

Nimetafuta vingine. Hadithi, mapishi, methali: chochote chenye neno hilo kimefichwa. Soko la kuwatoa watu gizani limewafungia stoo, tena kwa kuwaita wazinzi.

Na Fadhili akacheka.

Alicheka! Halafu akasema, "Dada, si abadilishe tu jina? Aandike Bibi Yangu wa Ruvuma. Mbona kazi ndogo."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mwalimu amesikia kila kitu.

Nilidhani atalia. Amevuta kiti, akaisogelea simu kama anayemwita mtoro mbele ya darasa.

"Kijana, bibi yako mzaa baba anaitwa nani?"

"Mwanahawa, mwalimu."

"Haya. Mbadilishe huyo kwanza."

Kicheko chote kimemwisha Fadhili, na mimi sikumsaidia hata kwa neno moja. Ameomba radhi, nami nimekataa kukata simu mpaka alipoliondoa lile chujio. Nimetafuta tena. Bibi Yangu Mgoni, ukurasa wa mbele, juu kabisa.

Mwalimu ameutazama muda mrefu. Amejifunga kitenge vizuri, akasimama. "Kiache," amesema.

Lakini hasira yangu haijaisha, maana Fadhili amerekebisha tovuti tu. Jina la mwalimu bado limechafuka kule Namtumbo, na aliyemwalika sokoni ni mimi.

Kesho nitasali Namtumbo, nikae naye benchi moja. Baada ya misa nitawaomba wale wanawake watoe simu tena. Na yule aliyecheka, ndiye nitakayemwomba asome jina la kitabu kwa sauti.