Mawingu Yanayopungua Mwendo

3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila ofisi imekuwa kubwa. Mwenzangu wa meza ya pili amehama, sasa naongea na feni.

Nina ombi. Kazi yetu unaijua: jua likitapika wingu la plazma, ile gesi yake ya moto, darubini hupiga picha kila baada ya dakika kumi na mbili, nasi tunapima limesogea kiasi gani ili tujue mwendo wake. Kila wingu lazima lipimwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, asijue namba ya mwenzake. Wa pili sina. Mkuu wangu anasema yeyote mwenye jicho na subira atafaa, nikamwambia namjua fundi saa mmoja mstaafu.

Nakutumia picha sita. Duara jeupe la katikati ndilo jua. Kila milimita ni kilomita elfu sabini. Pima kutoka duara hilo mpaka ukingo wa mbele kabisa wa wingu, ule uliofifia kama moshi. Usidanganyike na sehemu inayong'aa, hiyo huja nyuma.

Mwanao,
Kitinda mimba

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma, wasiwasi wangu ni wewe na hiyo feni.

Picha zimefika. Nimefuta vumbi mezani, nikatoa lenzi yangu ya saa na rula ya chuma. Wingu linasogea milimita tano kutoka picha hadi picha, karibu kilomita mia tano kwa sekunde. Nimerudia mara tatu kwa kuwa kuna watu wanaitegemea namba hiyo. Tangu tumzike mama yako sijawahi kukosa usingizi wa mchana, juzi niliukosa. Jirani akaja kuuliza kama naumwa, nikamwambia niko kazini.

Leta nyingine. Na barua isiwe ya mistari miwili.

Babako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi naendelea vizuri, baridi tu.

Picha za mwezi wa nne na wa tano zimerudi, ahsante. Lakini mawingu yako yamekuwa mavivu. Mimi napata mia tano, wewe mia tatu. Mimi mia nane, wewe mia nne. Mwanzoni nilicheka, nikasema mzee ana huruma na jua. Jana nikaziangalia alama zako moja moja. Zote ziko kwenye sehemu inayong'aa. Ule ukingo uliofifia hujaugusa hata mara moja.

Baba, unauona?

Mwanao

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa natafuta uongo mzuri, nimeukosa.

Jicho la kulia liliingia ukungu mwaka jana, na la kushoto limelifuata. Picha za kwanza niliziona. Zilizofuata nilikuwa napapasa. Daktari anasema upasuaji utasaidia, lakini anataka mtu wa kukaa nami nyumbani, nami sikuwa na wa kumtaja. Nilijua nikikwambia sioni, picha zitakoma na barua zitakoma nazo, turudi kwenye zile simu zako za "Baba upo? Haya, baadaye."

Najua nimeharibu hesabu zenu. Wakubwa zako waambie mzee anaomba radhi. Haya anaandika jirani, mimi nasema tu.

Babako

6 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo, na jirani naye nampa salamu.

Hujaharibu kitu. Mwezi wa tatu nilipewa mpimaji mwingine; yuko mbali, sura yake siijui, anatuma namba basi. Zile picha sita za kwanza tu ndizo zilizoingia kwenye ripoti. Nyingine zote nilizichapisha mwenyewe nikakutumia, kwa sababu hapa wiki inapita hakuna aliyeniuliza nimeamkaje, na bahasha yako ndiyo iliyokuwa ikiniuliza. Nimekudanganya muda wote huo, halafu nikathubutu kukuhoji wewe. Naona aibu.

Daktari mwambie mtu yupo. Nimeomba likizo ya miezi mitatu, mkuu amesema jua litatapika hata nisipokuwepo. Naondoka tarehe kumi na tisa.

Jirani akimaliza kukusomea, asichukue kalamu. Usinijibu, Baba. Barua haitanikuta huku.

Mwanao