Ulimi wa Mzee wa Makala

Jumatatu, 3 Machi
Mgonjwa mpya. Mzee, kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelala. Maneno hayatoki ila "ta, ta". Daktari kaandika: akili timamu, anaelewa kila kitu. Nitakuwa namfanyisha mazoezi nyumbani kwake, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkewe si mtu wa maneno—kiti, kitanda, bafu, vyote alinionyesha kwa kidole. Chumba kimejaa majalada ya magazeti. Kumbe ndiye yule! Marehemu baba alikuwa akizikata makala zake na kuzibandika ukutani. Nimeazima jalada moja.

Jumatano, 5 Machi
Nimeunguza chakula kwa kucheka. Kuhusu waziri: "Hajawahi kuiba, vitu humfuata." Kuhusu ndoa: "Nilioa kwa macho, nimeishi kwa masikio." Jamani! Mtu anaupata wapi ulimi kama huu? Na maisha yake! Alikuwa karani wa posta, akafukuzwa kwa kumwandika mkuu wake. Akafungwa miezi minane kwa makala nyingine. Alipotoka alimshukuru hakimu gazetini kwa kumtenga na majirani zake.
Leo huku namnyoosha vidole nikamwambia, Mzee, wewe ni moto wa kuotea mbali. Akatoa machozi. Ya furaha, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata kiboko ya zote! Bibi harusi mwenye kigugumizi. Nikamsomea kwa sauti, na kuigiza juu yake: "Aliposema 'ndiyo', mashahidi wawili walikuwa wameshazeeka. Usiku nikamuuliza kama ananipenda. Jibu bado liko njiani." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzee kageukia mto.
Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la maji.
"S-s-soma tena," akasema.
Mungu wangu. Ndiye yeye.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimwomba radhi. Alitabasamu—meno tu, macho hayakuhusika. Akanieleza, taratibu. Makala ilipotoka, wenye maduka walimjibu kwa kumwiga. Watoto walimsindikiza hadi mlangoni, "nda-nda-nda". Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kusema na mtu nje ya nyumba hii. Miaka ishirini na sita! Mwaka ule ule Mzee alipewa nishani.
Ana ombi: kila nikija, nimsomee Mzee ile makala. Yeye hawezi kusoma kwa sauti.
"Wewe una s-sauti nzuri, mwanangu."
Nilipaswa kukataa. Nilisoma.

Jumatano, 12 Machi
Nimesoma. Mzee alijaribu kuziba masikio. Mkono mmoja, masikio mawili.
(Hiyo ni yangu! Sijawahi kuandika sentensi kali hivyo. Naona haya. Siifuti.)

Jumatatu, 17 Machi
Gazeti lake la zamani wanakuja Jumamosi kumpa tuzo, hapa hapa sebuleni. Wanajua aliugua, hawajui kiasi gani. Mhariri alipopiga, mkewe (siku hizi namwita Mama) akanipa simu nijibu mimi. Mhariri akauliza, Mzee ataweza kusema maneno mawili matatu? Nikamtazama Mama. Akaitikia kwa kichwa.
Nikasema ataweza.
Kwa nini nilisema? Sijui. Najua.

Ijumaa, 21 Machi
Wiki nzima tumefanya mazoezi ya kusema "asanteni". Inatoka "ta-ta-ni", na mate. Nilipomfuta kidevu alinipokonya kalamu kwa mkono wa kushoto. Dakika kumi, jasho linamchuruzika, herufi kama za mtoto wa chekechea: WAZUIE. NAKUOMBA.
Sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na haina mzaha hata kidogo. Nimeikunja karatasi, nimeitia mfukoni. Mama hajaiona.
Bado nazipenda makala zake. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 22 Machi
Naandika jikoni, wageni wanakaa. Watu kama thelathini. Sebule yenyewe ukipiga chafya mwisho wanaitikia mwanzo, lakini Mama kaagiza kipaza sauti. Kavaa nguo mpya, kasuka. Alisimama mwenyewe kuwapokea: "Ka-ka-ka-ribuni." Kijana mmoja wa gazeti akauma mdomo asicheke. Mama alimwona, akamngoja amalize. Kisha akamtazama Mzee.
Mzee kavalishwa koti, kafungwa shuka kiunoni asiteleze. Ananitafuta kwa macho.
Mhariri kauliza nani atamshikia Mzee kipaza sauti. Mama kanitaja mimi. Nikasema naja, nakunywa maji.
Karatasi hii hapa, chini ya daftari. Nikimpa mhariri, mambo yanaishia hapo.
Wananiita. Mara ya pili sasa. Kipaza sauti kimeshawashwa, nasikia pumzi za Mzee mpaka huku, nzito, zinakatika. Nami badala ya kuinuka natafuta maneno ya kuzieleza hizo pumzi, na yanakuja, tena mazuri—