Kuhusu Kiti cha Baba Kiwandani

Nyumba ya Ghorofa, Mlango wa Tatu,
Nyuma ya Kiwanda.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia ngazi za huko zimekuwa adui yako, na tangu hapo nakuombea lifti. Sisi hatujambo. Baba ni mzima wa afya, anakula vizuri na anabishana na redio kama kawaida yake.

Nasikia umenuna. Binamu kanieleza ulivyosema kwenye simu: eti kaka yako kajenga kiwanda cha dawa kwa mikono yake, kisha kamkabidhi mtu baki, mwanawe wa kumzaa akabaki kutoa macho. Ahsante kwa kunionea uchungu, Shangazi. Lakini kuna jambo hukuambiwa, na wa kukuambia ni mimi.

Uliondoka Baba akiwa bado na lile duka la dawa la chumba kimoja. Bila shaka unakumbuka alivyokuwa akisaga vidonge vya watu wazima ili akina mama wapate cha kuwapa watoto, huku akinung'unika kwamba hakuna anayemfikiria mgonjwa mdogo. Mwishowe aliamua kumfikiria mgonjwa huyo yeye mwenyewe. Alikodi jengo lililokuwa la kuoka mikate, akasugua masizi wiki nzima, akafunga matangi mawili na kuajiri mkemia mmoja, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Ndiye huyo mtu baki. Tulimbandika jina la Bi Mizani kwa sababu alipima hata sukari ya chai yake.

Mwaka wa nane tulipata oda yetu kubwa ya kwanza: chupa elfu arobaini za dawa ya homa ya watoto. Mimi nilikuwa mkuu wa mauzo, kichwa kimevimba kwa sifa. Malori yalikuwa yameshafika getini, Bi Mizani akakataa kutia sahihi. Alisema pipa moja la gliserini, yale majimaji matamu ya kuyeyushia dawa, halikumridhisha.

Nilimjia juu mbele ya watu. "Cheti cha aliyetuuzia si unacho?"

"Cheti nimekisoma, dawa nimeipima. Haviafikiani."

Nikamkimbilia Baba atie sahihi yeye. Alikuja na koti lake jeupe, akamuuliza Bi Mizani swali moja tu: "Una uhakika kwamba ni mbaya?"

"Sina, Mzee. Wala sina uhakika kwamba ni nzuri."

Baba akatoka nje, akawaambia madereva wazime injini.

Hapo Bi Mizani akauliza kama kuna aliyetoka na chupa yoyote. Nilikuwa mimi, Shangazi. Asubuhi ile nilikuwa nimechukua moja kimyakimya na kumwachia mke wangu, maana mjukuu wako alikuwa na homa. Simu ya nyumbani haikupokelewa. Nilikimbia kama mwizi. Nilimkuta mtoto anacheza sakafuni, homa imeshuka yenyewe, na chupa iko mezani haijafunguliwa. Nililia mpaka mke wangu akaogopa.

Nilimrudishia Bi Mizani ile chupa bila kumtazama usoni. Aliipokea, akafungua daftari lake. Wiki mbili baadaye majibu ya maabara kubwa yalikuja: lile pipa lilikuwa na sumu ya kuua figo. Oda tulishaipoteza, lakini hakuna mtoto aliyedhurika.

Nilikaa na siri hiyo miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita Baba aliniita ofisini kuniuliza kama niko tayari kukikalia kiti chake. Ndiyo, Shangazi, aliniuliza mimi kwanza! Nikamweleza yote, nikamwambia kiti hicho kina mwenyewe.

Alivua miwani. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la mwaka ule na kunionyesha mstari mmoja kwa mwandiko wa Bi Mizani: chupa moja, imerudi, haijafunguliwa. Mahali pa jina ni patupu.

"Nilimuuliza ni nani," Baba akasema. "Aliniambia aliyeirudisha ameshajifunza."

Tulishikana mikono, Shangazi, mimi na Baba, kama watoto.

Sasa Bi Mizani ndiye mkurugenzi. Baba akipita kutembea, analazimishwa kuvaa beji ya mgeni na kofia ya nywele, na kipara kile! Analalamika, lakini hakosi.

Nakuomba umpigie simu umpongeze. Mwambie tu wewe ni dada yake Mzee. Ataelewa.

Msalimie Mzee wako, na binamu zangu wote, hata yule mdomo mpana aliyenipasha habari. Mke wangu na mjukuu wako wanakukumbatia. Mungu akupe miguu mepesi na akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nisiyenung'unika,

Mtoto wa Kaka Yako