Tarakimu Zile Zile

Kamina, siku ya Mungu, kisha misa

Yaya Ngoie mupenzi,

Minyi mudogo wako niko muzima, na bibi yangu Marta, na batoto. Tunakula, tunalala. Na weye? Mama anatembea vizuri sasa, ao mugongo ungali unamusumbua? Samaki kavu ulizotuma zilifika. Marta alisikia harufu ya mto Lualaba, akalia.

Yaya, mushangao haujanitoka bado. Unamukumbuka Kabwe, rafiki yangu wa kazi, yule mavago, yale mabehewa ya treni, yalimukata kidole tulipokuwa tunayaunganisha. Sisi wawili tulifanya mutihani wa ukarani ku gare, pale treni zinasimama, tuache ile kazi ya kuingia katikati ya mavago. Musio, mukubwa wa gare, akaandika ubaoni namba moja: 142857. Akasema, "Izidisheni na mbili, kisha na tatu, mpaka saba."

Na mbili nikapata 285714. Na tatu, 428571. Nikakaza macho. Zilikuwa tarakimu zile zile, zimebadili nafasi tu! Nikasema nimekosea, nikaanza tena nyuma ya karatasi. Zile zile. Na ine, 571428. Na tano, 714285. Jasho likaniingia machoni. Pembeni yangu Kabwe akalia, "Ee Vidye wami, Mungu wangu!" Musio akapiga meza: "Kimya!"

Na sita, 857142. Kwa saba nilijua zitazunguka tu. Kumbe nikapata 999999. Tisa tupu, Yaya! Kalamu ikaniponyoka.

Majibu yakatoka: minyi nimepita, Kabwe hapana. Akanishika shati.

"Nilikuwa na zile zile! Nikaona ni bulozi, nikafuta, nikaweka zingine."

Tukaenda kumusihi musio. Akatujibu, "Mutu anayefuta hesabu ya kweli kwa woga, nitamupa hesabu za treni namna gani?"

Nikainamisha kichwa. Hata minyi kifutio kilikuwa mukononi. Kengele tu njo iliniwahi, kabla sijafuta.

Jana Kabwe akaja kwetu. Nilifikiri analeta ugomvi. Akachuchumaa, akaandika na makaa kwenye simenti. "Na nane je?" Tukapata 1142856.

"Basi, imeharibika," nikasema.

"Hapana. Ile moja ya mbele iondoe, uiongeze kwa sita ya nyuma."

Nikaiongeza. 142857! Marta akaacha kutwanga. Kisha Kabwe akacheka, akasema, "Nitarudia mutihani. Safari hii sifuti kitu."

Unisalimie Mama sana, na shemeji na nyavu zake, na baba mudogo katekista, na shangazi mwenye kututengenezea chikwange ya muhogo. Na jioni mukisali, mutaje jina la Kabwe. Kesho minyi nakaa ku meza ya karani, na yeye anaingia tena katikati ya mavago, peke yake.

Ni minyi, mudogo wako anayekuwaza,
Kasongo