Dakika Tatu za Hatua ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa ukurasa niuandike upya! Ni maelekezo ya kupakua na kusakinisha maktaba yetu ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao wataalamu wengine huutumia kuchorea grafu. Ukurasa wenyewe umepitwa na matoleo mawili. Ijumaa mpokezi wetu wa wageni, ambaye hajawahi kusakinisha chochote, ataufuata mbele ya mkuu wa kitengo. Akifika mwisho, nathibitishwa kazini. Nikifungua mdomo kumsaidia, nimeanguka.

Nimeandika aya kumi na moja. Zina uzito wa kitaaluma.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba shangazi ajaribu kwa laptopu anayohifadhia mitindo ya nguo anazoshona. Aya ya kwanza ilimshinda. "Msomi wangu, hii ni hotuba. Nibofye wapi?" Aya zikawa hatua sita.

Kwenye hatua ya nne skrini ilitulia tuli. Akadhani imekufa, akaizima. Tukaanza upya. Nikamweleza kwamba ilikuwa ikifanya kazi kimyakimya. "Sasa si ungesema," akanijibu, uzi mdomoni. Akaniamuru niandike: *Usizime hata ukiona kimya.*

Sentensi haina hadhi. Nimeiacha kwa heshima yake, nikaongeza yangu iliyo sahihi: *Subiri dakika tatu.* Nilipima kwa saa.

Alhamisi, 6 Machi

Toleo jipya limetoka alasiri — siku moja kabla! Nimebadilisha kiungo, namba ya toleo, picha zote. Mkuu alipita mezani akatania kwamba ukurasa nimeupiga pasi. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya mpokezi, maana kalamu haijakatazwa. Hatua tatu za mwanzo zimepita vizuri. Ya nne — kimya.

Dakika tatu zimekwisha. Skrini bado imetulia. Toleo jipya ni zito kuliko la zamani, na muda sikuupima upya. Nimebadilisha kila kitu isipokuwa sentensi niliyojivunia.

"Tatu zimeisha, jamani. Sasa?" ameuliza mpokezi. Mkuu anatazama dari. Mimi naandika tu, maana kumsaidia ni kuanguka.

Kidole chake kimefika kwenye kitufe cha kuzimia. Kimesimama hapo. Amesoma tena, taratibu, kwa sauti: "Usizime hata ukiona kimya."

Amekunja mikono, akaegemea kiti. "Aliyeandika hii ananijua," amesema.

Dakika ya tano, na bado hajaizima.