Kadi Nyeupe na Mlango wa Chini

Jumapili, 2 Februari

Ylva amekubali kucheza nasi! Mara moja tu, kasema, na nisije nikaanza kumbembeleza Jumamosi nyingine. Miaka yote hii binti yangu anapita sebuleni na hedifoni masikioni, anatucheka watu wazima tunaokaa mezani kuigiza hadithi ninazotunga, tunaorusha dadu na kujifanya mashujaa. Leo, huku anapaka mkate siagi, kaniuliza kama ipo hadithi inayoanza na kuisha siku hiyohiyo. Nikasema ipo. Haipo. Nitaitunga.

Ana miaka kumi na tano. Wiki ya tarehe kumi na saba anatakiwa awe amechagua shule ya sekondari ya juu: hapa Norrköping kwangu, au kule kaskazini, Luleå, kwa mama yake. Hajasema. Nami sijauliza, maana nikiuliza atajibu.

Jumanne, 4 Februari

Kazini nilikuwepo mwili tu. Nimesimama kati ya pampu za bwawa la kuogelea, natunga. Kituo cha utafiti kwenye sakafu ya bahari. Bahari yenyewe iko chini ya barafu, kwenye mwezi wa sayari ya mbali. Kituo kinavuja. Kambi iliyo juu ya barafu inawaita watu wake warudi. Halafu, chini zaidi, kwenye shimo — taa inamulika. Kituo kingine, hakuna anayejua cha nani.

Sixten, ninayefanya naye kazi na anayecheza nami tangu zamani, akauliza wachezaji wafanye nini ili wawe wameshinda. Nikamwambia warudi juu.

"Na wasipotaka?"

Nikawasha pampu, hatukusikiana tena.

Alhamisi, 6 Februari

Nimebadilisha mwisho tena. Annelie, mama yake, kapiga simu kutoka Luleå, anataka kujua Ylva kaamua nini. Nikasema bado anafikiria. "Si umuulize," akasema. Kama vile ni kuuliza saa! Nimesugua jiko lote. Lilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ilianza vizuri mno. Gunvor, mchezaji mwenzetu wa siku zote, kaleta mikate yake ya krimu, Ylva akala krimu kwanza kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Sixten aliigiza mhandisi anayeogopa maji. Gunvor, daktari wa kituo, akamuuliza kazi hiyo aliiombaje. Akajibu aliambiwa ni ya ofisini. Ylva akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. Yeye alikuwa mzamiaji, kajiita Rut. Na anajua kucheza! Hapapatiki. Anauliza maji yana baridi kiasi gani, sauti inatoka upande gani. Nilijisikia fahari, nikamwona kila Jumamosi kwenye kiti kile kile.

Ndipo taa ya chini ikamulika. Nilitaka waiogope. Ylva akasema Rut anashuka.

Nikasema kuna mlango, mzito, umebanwa na maji. Basi turushe dadu zetu za pande kumi, mbili kwa mbili, yeye dhidi ya mlango, mwenye nyingi ashinde. Akapata kumi na nane. Sixten akapiga meza kwa furaha. Mimi, kwa niaba ya mlango, nikarusha zangu nyuma ya kibao cha kadibodi, pale ninapoficha siri za mchezo. Tatu.

Nikasema kumi na tisa. Haufunguki.

Nami sikuishia hapo. Nikaigiza sauti ya redio kutoka kambini, nikasema: "Rut, achana na hiyo taa. Rudi. Chumba chako huku juu kipo vilevile."

Gunvor akaacha kutafuna. Ylva akanitazama, hakuwa na hasira. Halafu akanyoosha kidole, akaigusa kadi.

Kadi nyeupe, ipo katikati ya meza yetu siku zote. Ukiigusa, tukio linakatwa papo hapo, na hakuna anayekuuliza kwa nini, si mezani wala baadaye. Sheria hiyo niliileta mimi mwenyewe. Nilijivunia sana.

Tukanywa kahawa. Sixten akaongea habari za hoki, peke yake. Mlangoni, huku akifunga viatu, Gunvor akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilipata kumi na tisa. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Februari

Nimezunguka nyumba nzima. Nimepanga soksi. Mdomo unaniwasha, na siruhusiwi kuuliza.

Ylva akala maziwa ya mgando, akasoma simu yake, akaosha bakuli. Halafu akasema hadithi haijaisha, na mimi niliahidi inaisha. Jumamosi tuimalize, kasema.

Wiki iliyopita ningeruka kwa furaha. Leo nimeitikia kwa kichwa tu.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia Sixten ukweli. Akataka kujua yeye nimeshamuua mchezoni mara ngapi kwa dadu za uongo, maana miaka yote alidhani ni mkosi wake. Nikaapa ni mara hii tu. Hakuniamini, na ana haki.

Akaniambia nimweleze mtoto. Nikasema kuna sheria.

"Sheria inakukataza kuuliza, Håkan. Haikukatazi kusema."

Jioni nimesimama mlangoni mwa bafu, Ylva anapiga mswaki. Nikafungua mdomo. Nikamwambia maji ya moto yapo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimesema. Asubuhi, tumekaa kula, uji haujapoa.

"Ilikuwa tatu, mwanangu. Si kumi na tisa."

"Najua, baba. Niliziona kwenye kioo cha kabati, nyuma yako."

Alijua! Alijua kabla hajagusa kadi. Nilitaka kumuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya wenzetu, kwa nini aliona afadhali akate kila kitu. Siruhusiwi. Uji ulinishinda.

Sasa niko jikoni, kahawa inachuruzika. Sixten na Gunvor hawajafika. Ylva kaandaa meza mwenyewe. Kibao changu cha kadibodi kakikunja, kakiweka juu ya rafu ya vitabu. Dadu zangu ziko peupe. Na kadi haipo katikati. Iko mbele ya kiti changu, kando ya kikombe.

Nilipoikuta pale akaniambia, "Leo inakaa kwako." Akasema mlango wa chini umeshafunguka, kwa kuwa kumi na nane ni nyingi kuliko tatu. Rut kashaingia. Lakini kabla hajaendelea anataka aongee na yule wa kwenye redio, wawili tu, wengine wasiwepo. Nikasema ngoja nilete kahawa.

Kahawa imekwisha kuchuruzika. Bado nimesimama hapa na kalamu. Nikigusa kadi atanyamaza, nami namjua, hatasema tena — nitausikia uamuzi wake kwa Annelie kwenye simu.

Anaita. Haniiti baba.

"Kambi, mnanisikia? Hapa Rut."

Naenda. Mikono nitaitia mfukoni.